Umeme wa tangi la samaki: namna ya kupima unakokwenda na kuupunguza bila kuua samaki

Ukimuuliza mtu anaefuga samaki wa mapambo hapa Unguja au Pemba tangi lake linakula yuniti ngapi kwa mwezi, wengi watakwambia kidogo tu, mana kila kifaa kimeandikwa wati chache, pampu wati 10, filta wati 16, kipampu cha hewa wati 4, sasa hivo ni vitu vya kumtisha mtu? Lakini angalia saa zake. Tivii ya wati 60 ukiitazama masaa 4 kwa siku inatumia wati-saa 240. Pampu ya wati 10 haizimwi usiku wala mchana, 10 mara 24, na yenyewe ni wati-saa 240. Sawasawa na tivii. Na tangi moja lina vifaa vinne vitano vya namna hiyo, alafu Tukuza, ule umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha tarehe 20 watu wanalaumiana nani kaacha pasi.

Kingine ambacho watu hawakitii akilini, miongozo mingi iliyopo intaneti imeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kule kitu cha kwanza kinachokula umeme kwenye tangi ni hita, kwaio ushauri wao wote umezunguka hapo, funika tangi, lizungushie povu, ongeza joto la chumba. Ukifuata hayo hapa Zanzibar kwenye Kaskazi, mwezi wa Januari, utawapika samaki wako. Kwetu sie joto ndo adui. Na hapa ndo pana siri ambayo ningependa kila mwenye tangi aielewe: umeme unaotumika ndani ya maji karibu wote mwisho wake unageuka joto. Pampu ya kuzamisha ya wati 25 ni sawa na kueka kihita cha wati 25 ndani ya tangi mchana na usiku. Kwaio kila wati unayoitoa majini unaivuna mara mbili, mara moja kwenye mita na mara ya pili kwenye joto ambalo hutalazimika kulitoa kwa feni wala chila, ile mashine ya kupoza maji. Ukishalielewa hilo, mengine yote yanajipanga wenyewe.

Haya tuanze.

HATUA YA 1: Andika kila kinachochomekwa

Chukua karatasi, fuata waya mmoja mmoja kutoka kwenye soketi mpaka kwenye tangi. Usiandike kwa kukumbuka, fuata waya, mana kuna vitu vimejificha nyuma ya kabati tangu siku ya kununuliwa, taa ya UV ya kuua viini majini inayowaka bila sababu, pampu ya pili ya mawimbi, adapta ya taa ya mwezi. Kwa kila kifaa andika wati zilizoandikwa, na masaa inayowaka kwa siku.

Angalia vizuri unaposoma. Kwenye adapta utaona "12V 2A", watu wanazidisha wanapata wati 24 wanaandika hivo. Hiyo ni nguvu ya mwisho ambayo adapta inaweza kutoa, sio inayotumika. Taa yenyewe inaweza kuwa inavuta wati 14 tu. Na kinyume chake nacho kipo, taa za tyubu za zamani zimeandikwa 36W kwenye tyubu lakini ile choki, kile kidude kizito kinachoendesha tyubu, nayo inakula wati zake 8 mpaka 10 juu, na hazijaandikwa popote. Kwaio lebo ni ya kukupa picha tu. Jibu la kweli ni la kupima.

HATUA YA 2: Kupima

Njia iliyo bora ni kile kipimo cha kuchomeka kwenye soketi, unakichomeka ukutani alafu kifaa unakichomeka juu yake, kinakuonesha volti, ampia, wati na yuniti zilizokusanyika. Ukinunua hakikisha kina plagi ya miguu mitatu ya mraba kama soketi zetu, na kiwe kinakusanya yuniti kwa siku nyingi, sio kinachoonesha wati za papo hapo tu. Kimoja kinatosha watu wengi, mtaa mzima wa wafugaji mnaweza kuchanga mkazungushana.

Namna ya kukitumia: pima kifaa kimoja kimoja kwa dakika 5 uone wati zake, uandike. Alafu chomeka ekstensheni nzima ya tangi kwenye kipimo, ukiache wiki nzima bila kukigusa. Wiki, sio saa moja. Sababu ni kwamba vitu kama hita na feni yenye kidhibiti joto vinajiwasha na kujizima, ukipima mchana unaweza kuona wati 0 ukafurahi, kumbe saa 10 za alfajiri hita inawaka wati 200. Wiki nzima inakusanya mchana, usiku, Ijumaa watu wakiwa nyumbani, kila kitu.

Vipimo hivi vya bei nafuu havisomi vizuri chini ya wati 3 hivi. Kipampu cha hewa cha wati 2 kinaweza kusomeka 0. Dawa yake, kichomeke pamoja na kitu kingine ulichokwisha kukipima, taa ya wati 20 kwa mfano, alafu utoe tofauti.

Huna kipimo? Mita yako ya Tukuza inatosha. Ina kitaa kidogo kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, yaani inapepesa mara hizo kwa kila yuniti moja. Zima kila kitu cha nyumba ubakishe tangi peke yake. Friji pia, dakika 10 haliharibiki kitu, na chomoa chaja na kingamuzi cha tivii, zile taa nyekundu za kusubiri nazo zinahesabika. Ukiwa una breka za vyumba mbalimbali ni rahisi zaidi, unabakisha ya chumba chenye tangi tu. Simama mbele ya mita na simu, washa saa ya kuhesabu sekunde pale inapopepesa, zima inapopepesa tena. Ukiwa na mita ya 1000, gawa 3600 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 30 baina ya mpepeso na mpepeso ni wati 120. Sekunde 60 ni wati 60. Ukiwa na mita ya 1600 unagawa 2250 badala ya 3600, na ikiwa imeandikwa namba nyengine, gawa 3,600,000 kwa namba hiyo kwanza, alafu ugawe kwa sekunde. Hesabu mipepeso mitano sita uchukue wastani, utapata jibu zuri tu.

Sasa, mafundi wengi wana ile mita ya koleo ya kushika waya. Atakuja atashika waya mmoja, atakwambia ampia 0.15, mara volti 230, basi wati 34 na nusu. Msikilize kwa adabu lakini usiichukue namba ile. Vipampu vidogo vya mota na taa za choki vinavuta ampia nyingi kuliko kazi vinayofanya, na mita ya nyumbani inakuhesabia wati, haikuhesabii ampia mara volti. Kifaa kile kile cha wati 34 za koleo kinaweza kuwa cha wati 15 kweli. Koleo lina kazi zake, sio hii.

HATUA YA 3: Hesabu ya shilingi

Wati mara masaa, gawa kwa 1000, unapata yuniti. Zidisha kwa 30 upate za mwezi. Bei ya yuniti usiulize mtu, chukua risiti yako ya mwisho ya Tukuza, gawa pesa uliyolipa kwa yuniti ulizopata, hiyo ndo bei yako halisi pamoja na makato yote.

Tuchukue mfano wa tangi la lita 200, la mita moja na robo hivi urefu, ambalo ndo wengi wanalieka ukumbini. Lina taa za tyubu mbili za wati 36 pamoja na choki zake, jumla wati 88, zinawaka masaa 12 kwa sababu wenyewe wanapenda kuliona linang'ara, yuniti 1.056 kwa siku. Filta ya kanista, ile ya chombo kilichofungwa kinachokaa nje ya tangi, wati 16 masaa 24, yuniti 0.384. Kipampu cha hewa wati 4, yuniti 0.096. Pampu ya mawimbi wati 10, yuniti 0.24. Hita ya wati 200 ambayo kwenye miezi ya Kipupwe inawaka jumla masaa 3 kwa siku, yuniti 0.6. Jumla yuniti 2.376 kwa siku, kwa mwezi 71 na kitu.

Tazama sasa nani mla umeme. Filta ambayo watu wanakimbilia kuizima usiku "ipumzike" inachukua 0.384 tu. Taa peke yake 1.056. Hita inafuata, na nusu ya mwaka hata haitakiwi.

HATUA YA 4: Hita itoke

Kabla hujaitoa, pima joto la maji kwa wiki moja hita ikiwa imechomolewa. Mara mbili kwa siku, saa 12 za asubuhi kabla jua halijapanda na saa 9 alasiri. Andika. Utaona wenyewe kwamba hata kwenye Julai na Agosti, Kipupwe kimeshika, maji ndani ya chumba mara nyingi yanabaki baina ya 23 na 26. Gapi, moli, pleti, malaika, beta, wote hao wako sawa hapo. Goldifishi ndo kabisa, yeye anapenda maji ya baridi kuliko yetu, kumuekea hita ni kumtesa. Na wale sikilidi wa Ziwa Tanganyika, maji ya juu ya ziwa lao yana nyuzi 25 mpaka 27 hivi, yaani kama ndoo iliyokaa sebuleni kwako.

Wanaohitaji hita kweli ni diskasi, ambao wanataka 28 na zaidi, na samaki waliopata ugonjwa wa madoa meupe ukiwa unawatibu kwa kupandisha joto, na pengine vifaranga kwenye tangi dogo la lita 20 ambalo linapoa haraka usiku. Kwa hao eka hita, lakini ndogo. Kwa lita 20 wati 25 zinatosha. Na kama roho haikupi kuitoa kwenye tangi kubwa, basi ishushe mpaka 23, iwe mlinzi tu, itakaa wiki bila kuwaka. Ile ya kuekwa kwenye 28 "ili samaki wachangamke" ndo inayomaliza Tukuza. Tena hizi hita za kidhibiti cha ndani zina ugonjwa wa kunasa zikiwaka, zinapandisha maji mpaka samaki wote wanakufa usiku mmoja, kwaio kuwa nayo wakati huihitaji ni khatari bila faida.

HATUA YA 5: Taa

Hapa ndo pana pesa nyingi zaidi, na samaki hawaumii hata kidogo.

Kwanza punguza masaa. Tangi lenye samaki na majani machache ya kawaida linatosheka na masaa 6 mpaka 8. Samaki hawahitaji taa kabisa, mwanga wa chumba unawatosha kujua mchana na usiku, taa ni ya majani na ya macho yetu. Masaa 12 unayalipia mara mbili, kwenye mita na kwenye ule utando wa kijani unaojaa kwenye kioo ambao kila Ijumaa unaukwangua. Yapange masaa yawe yale ambayo watu wapo nyumbani, tuseme saa 9 alasiri mpaka saa 5 usiku. Mchana mko kazini na skuli, nani anaitazama?

Taa isiachwe kwa mtu kuiwasha na kuizima, itasahauliwa. Nunua taima. Lakini kwa umeme wetu wa kukatika usinunue ile ya kuzunguka yenye vipini, mana umeme ukikatika masaa 3 nayo inasimama masaa 3, baada ya mwezi taa inawaka usiku wa manane. Chukua ya dijitali yenye kibetri ndani, inashika saa hata umeme ukiwa haupo.

Alafu badilisha tyubu. Tyubu ya zamani ya wati 36 ya urefu wa sentimita 120 inabadilishwa na ya LED ya wati 18 hivi inayoingia pale pale. Kwenye fremu ya choki, stata ya zamani inatolewa unaeka ile iliyokuja na tyubu mpya ndani ya boksi, usichanganye. Kama hujui fremu yako ni ya aina gani muite fundi, ni kazi ya robo saa. Na kifuniko cha taa kiwe kimezibwa vizuri kisipate mvuke wa maji, khasa wa tangi la maji ya bahari, mana chumvi inakula miguu ya taa.

Kwenye mfano wetu, wati 88 kwa masaa 12 zinakuwa wati 36 kwa masaa 8. Kutoka yuniti 1.056 mpaka 0.288. Na zile tyubu na choki zilikuwa zinachemsha hewa chini ya kifuniko, nalo limeondoka.

Mwenye tangi la matumbawe na zile taa kubwa za metali za wati 150 au 250, kwako LED ni lazima, hapana mjadala, mana unalipa taa alafu unalipa chila itoe joto la taa. Na matumbawe yenyewe jamani tuyaache miambani kwake, yanatulindia fukwe na yanatupa samaki.

HATUA YA 6: Filta haizimwi, inasafishwa

Kuna watu wanazima filta wakilala. Msifanye hivi, nawaomba kabisa. Ndani ya filta mna bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, alafu nitrati isiyokuwa na sumu kali. Bakteria hao wanaishi kwa hewa inayokuja na maji yanayopita. Kanista iliyofungwa ikizimwa masaa kadhaa hewa ya ndani inaisha, wanaanza kufa, asubuhi ukiwasha unawamwagia samaki uchafu wote ule. Na maji ya moto yanabeba hewa kidogo, ya nyuzi 25 yanaweza kushika miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 ni 7.5 tu. Kwaio sie wa huku hatuna akiba ya kuchezea. Unaokoa yuniti 0.1 kwa usiku, unapoteza samaki wa miaka mitatu.

Punguza kwa njia nyengine. Ya kwanza ni usafi. Maji ya visima vya Unguja yanapita kwenye mawe ya matumbawe, ni magumu, yana chokaa, ile nyeupe inayoganda kwenye birika ndo hiyo hiyo inaganda kwenye pampu. Zima, chomoa, toa impela, yaani kile kisumaku chenye mapanga. Ukikipitishia kidole utahisi kimekwaruza kama jiwe la pumice, na kwenye lile tundu lake mna ute wa kahawia. Kiloweke kwenye siki au maji ya ndimu nusu saa, kisugue kwa mswaki wa zamani, tundu lilisafishe kwa kijiti chenye pamba, suuza, rudisha. Pampu iliyochakaa kwa chokaa inavuta umeme ule ule na kutoa nusu ya maji, watu wanadhani imekufa wananunua kubwa zaidi. Sponji yake isafishwe kwa maji ya tangi kwenye ndoo, sio ya bomba, usije kuua wale bakteria kwa klorini. (Ugumu huo wa maji una kheri yake pia, sikilidi wa Tanganyika na wa Ziwa Nyasa wanaupenda.)

Ya pili ni kuondoa vilivyozidi. Kwenye tangi la lita 200 la gapi, tokeo la kanista likielekezwa kwenye uso wa maji linatosha kuyachezesha, pampu ya mawimbi ya wati 10 haina kazi. Zima siku mbili, tazama kama uchafu unalala kwenye kona au samaki wanapumua juu juu. Kama hapana, itoe. Taa ya UV vilevile, iwashe wiki moja maji yakiwa ya kijani au kukiwa na ugonjwa, sio mwaka mzima.

Ya tatu ni kwa wale wenye pampu kubwa inayopandisha maji kutoka tangi la chini. Namba iliyoandikwa kwenye boksi, lita 3000 kwa saa, ni pale ambapo maji hayapandi hata kidogo. Kila sentimita unayopandisha inapungua. Badala ya kununua kubwa zaidi, fupisha njia, panua bomba, punguza kona, sogeza tangi la chini lisiwe mbali. Ikifika wakati wa kubadilisha nunua ya adapta, ya umeme wa DC, yenye kurekebisha kasi, mara nyingi inafanya kazi ile ile kwa nusu ya wati, na nusu hiyo ni joto lisiloingia majini.

Kwa mwenye matangi mengi ya kuzalishia, usiwe na kifilta cha umeme kwenye kila moja. Filta za sponji na pampu moja ya hewa yenye nguvu ya wati 35, bomba moja linazunguka ukutani na vikoki kwa kila tangi, utahudumia matangi kadhaa kwa umeme wa balbu moja. Pampu ieke juu kuliko maji ya tangi, umeme ukikatika maji yasirudi kwenye bomba yakaiingia.

HATUA YA 7: Joto la Kaskazi

Disemba mpaka Machi maji yanaweza kufika 30 na 31. Kabla hujafikiria chila, ambayo hata ndogo inavuta wati mia na zaidi na joto lake inalimwaga chumbani humo humo, fanya haya. Tangi lisikae kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri, wala karibu na mgongo wa friji, wala mbele ya dirisha. Fungua kifuniko. Alafu eka feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, ya wati 3, ipulize juu ya maji kwa mshazari.

Inavyofanya kazi ni hivi, lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto la karibu yuniti 0.68. Feni kwa masaa 8 imetumia 0.024. Hakuna biashara nzuri kama hiyo kwenye tangi zima. Utapata nyuzi 2 mpaka 3 chini, zaidi siku upepo ukiwa mkavu, na kidogo sana siku za Masika hewa ikiwa nzito yenye unyevu, lakini siku hizo nazo joto linakuwa limeshapungua.

Maji yatapungua kila siku, uyajaze. Chumvi na chokaa haviruki na mvuke, vinabaki, kwaio tangi la bahari linajazwa kwa maji baridi yasiyo chumvi, na la maji baridi likijazwa kila siku kwa maji ya kisima linazidi kuwa gumu. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua ya mwanzo kusafisha bati ni mazuri kwa kujazia. Na kwa vile kifuniko hakipo samaki wataruka, eka wavu. Kipande cha chandarua kinafaa sana lakini kiwe kile cha zamani cha kawaida kisichotiwa dawa. Vyandarua vya kugaiwa vyenye dawa visikaribie tangi hata kidogo, dawa ile ya mbu ni sumu kali kwa samaki hata kikiwa kimefuliwa.

HATUA YA 8: Umeme ukikatika

Umeme wetu unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, Unguja kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, na Pemba kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Waliokuwepo wanakumbuka 2008 Unguja ilivokaa kama mwezi mzima gizani, na tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Tangu hapo waya wa pili umeekwa, 2013, lakini kukatika kwa masaa bado kupo, na tangi linalotumia wati chache ndo linalovumilia.

Kipampu cha hewa cha USB kinachovuta wati 1.5, ukikichomeka kwenye pawabenki ya 10,000 mAh, ambayo ina wati-saa 37 na ukitoa zinazopotea njiani zinabaki kama 28, kitakwenda masaa 18. Jiwe lake la hewa lieke ndani ya sponji ili maji yapite kwenye bakteria. Jaribu kwanza siku umeme upo, mana pawabenki nyengine zinajizima zikiona mzigo ni mdogo sana. Usitumie inveta kubwa kwa kipampu kidogo, yenyewe inakula wati zake kadhaa bila ya kubeba kitu. Mwenye betri ya volti 12 na sola, feni ya volti 12 na pampu ya DC vinachomekwa moja kwa moja bila inveta, na paneli ya wati 100 siku ya jua inavitosha na kubaki. Na siku umeme haupo usiwape chakula, wakishiba ndo wanazidi kuhitaji hewa na kuchafua maji.

Jengine la lazima kwenye nyumba yoyote yenye tangi: kila waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia, tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye plagi. Ekstensheni isilale chini, ipigwe msumari ukutani. Mwambie fundi aeke breka ile inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Na ukitaka kutia mkono, zima kwanza.

HATUA YA 9: Pima tena

Badilisha kitu kimoja, pima wiki, ndo ubadilishe cha pili. Ukibadilisha vyote kwa pamoja alafu samaki wakaanza kulegea hutajua ni kipi. Kwenye mfano wetu, taa 0.288, filta 0.384, kipampu cha hewa 0.096, feni 0.024, hita na pampu ya mawimbi zimetoka, jumla ni yuniti 0.792 kwa siku, karibu 24 kwa mwezi kutoka 71. Filta hatujaigusa zaidi ya kuisafisha.

Karatasi yako ibandike ndani ya mlango wa kabati la tangi, wati za kila kifaa na tarehe uliyoisafisha pampu. Pima mara moja kwenye Kaskazi na mara moja kwenye Kipupwe, namba hazitalingana. Na ukiona filta iliyokuwa inasoma wati 16 ghafla inasoma 22, au inasoma 16 ile ile lakini maji yanatoka kidogo, usisubiri Ijumaa, ifungue siku hiyo hiyo utazame impela.